Paukwa bila pakawa: Safari ya hadithi ya Kiswahili kutoka barazani hadi kwenye podikasti

NIMEKUWA nikifuatilia mashauri wanayopewa vijana wanaotaka kuanzisha podikasti humu nchini. Karibu yote yanafanana. Anza kwa tukio, si kwa maelezo. Mnase msikilizaji kabla hajabonyeza kitufe na kwenda zake. Katiza kipindi pale utamu unapokolea ili arudi wiki ijayo. Zungumza na mtu mmoja, usihutubie umati.

Mashauri haya ni mema. Kinachonikera ni kwamba hutolewa kana kwamba yamevumbuliwa juzi, tena ng'ambo, nasi hatuna budi kuyaagiza jinsi tunavyoagiza vipaza sauti. Mzee aliyekuwa akitamba hadithi Lamu au Vanga karne mbili zilizopita angeyasikia, angecheka. Kisha huenda angeuliza: na wanaosikiliza, wao wamepewa kazi gani?

Swali hilo ndilo kiini cha makala ya leo. Ninadai kwamba mbinu za usimulizi zinazosifiwa katika podikasti zina historia ndefu katika Kiswahili, na kwamba tunapoziiga kutoka nje tunaiacha ile iliyo kubwa kuliko zote, yaani jibu la hadhira. Tunatamka "Paukwa!" kisha tunaendelea mbio bila kumwachia mtu nafasi ya kusema "Pakawa!"

Tuanze na ushahidi ulioandikwa. Mwaka 1864 mmishonari Mwingereza, Edward Steere, alifika Unguja. Pamoja na kazi ya dini, alijishughulisha na sarufi na masimulizi ya wenyeji, na mwaka 1870 akachapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, matini ya Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Huo ni miongoni mwa mikusanyo ya mwanzo kabisa ya ngano zetu kuchapishwa kitabuni.

Mojawapo ya hadithi zilizomo ni ile ya Sultani Majinuni. Sultani huyu alikuwa na paka. Paka akaanza kula mifugo, mnyama mmoja baada ya mwingine. Kila watu walipokwenda kulalamika, Sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na mali ni yake, basi wao wana nini? Paka akazidi kunenepa na kuthubutu, hadi akawala watoto wa Sultani mwenyewe. Sasa hakuwa paka tena, alikuwa nunda mla watu. Kitinda mimba akaapa kumtafuta. Akawa anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia wadogo hadi ndovu, na kila mara anarudi kwa mama yake akiimba kwamba nunda amepatikana. Mama naye anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Hivyo hivyo, mpaka siku anapomuua nunda wa kweli.

Hebu zitazame mbinu zilizomo. Hadithi inaanza kwa jambo dogo la nyumbani, paka na mifugo, kabla ya kufika kwenye maafa. Kuna taharuki inayopanda ngazi kwa ngazi, kwa kuwa kila mnyama ni mkubwa kuliko aliyetangulia na kila jibu la mama linaahirisha mwisho. Kuna takriri. Na ndani yake kuna dhihaka kali kwa mtawala anayefuga balaa kwa sababu linawala wengine. Mtayarishaji wa podikasti angekuwa na vipindi saba hapo, na kila kimoja kingemalizikia kwa msikilizaji kujiuliza: je, huyu ndiye?

Hata hivyo, jambo lililonivutia zaidi kwa Steere si hadithi yenyewe bali alichokishuhudia wakati zikitambwa. Katika dibaji yake anaeleza kwamba ngano hizi zilikuwa na kiitikio ambacho wote waliokuwepo walijiunga kukiimba, na kwamba mara nyingi kiunzi cha hadithi kilikuwa ndani ya vipande hivyo vya nyimbo. Mtambaji aliviunganisha kwa maelezo aliyoyabuni papo hapo. Karne moja baadaye, mwaka 1970, Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliuona uchunguzi huo kuwa na uzito, akaunukuu.

Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Shuleni tunawafundisha wanafunzi kwamba fanani ndiye mwenye hadithi na hadhira ni wapokeaji wanaoshirikishwa ili wasisinzie. Ushahidi wa Steere unasema kinyume. Mifupa ya hadithi ilikuwa kinywani mwa hadhira, na mtambaji aliijazia nyama. Yeye angeweza kurefusha, kufupisha, kuongeza kichekesho au kumsema jirani kwa mafumbo, lakini kiitikio kilikuwa mali ya wote. Ndiyo sababu hadithi iliweza kupita kutoka kizazi hadi kizazi bila karatasi: aliyeitikia usiku wa leo tayari alikuwa ameshika nusu ya hadithi atakayoitamba kesho.

Hata fomyula za mwanzo zafaa kutazamwa upya. "Hadithi! Hadithi!" "Hadithi njoo!" Wengi wetu tulikariri kwamba kazi yake ni kuvuta nadhari. Sawa, lakini hiyo ni nusu tu. Fomyula ni mkataba. Mtambaji anaomba ruhusa na hadhira inaitoa. Ikiwa hakuna anayeitikia, hakuna hadithi. Watu wakiitikia kivivu, mtambaji anaita tena, na pengine mara ya tatu, hadi aridhike kwamba wako naye.

Sasa redio ikaingia. Matangazo ya redio yalianza nchini mwaka 1928, kwa Kiingereza, yakiwalenga walowezi. Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika zilipata nafasi ya maana wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipohitaji kuwafikia Waafrika ambao jamaa zao walikuwa vitani. Ng'ambo, BBC ilianzisha idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957. Hapa kwetu, shirika la utangazaji lililoundwa mwaka 1961 likageuka Sauti ya Kenya mwaka 1964, kabla ya kurejelea jina la KBC mwaka 1989.

Kwa mtambaji, chombo hiki kilikuwa neema na mtihani. Neema, kwa kuwa sauti yake sasa ilifika Kwale na Kakamega kwa pamoja. Mtihani, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa amefungiwa katika chumba kisicho na hadhira. Anasema paukwa, ukuta unamtazama.

Watangazaji wetu walilitatuaje tatizo hilo? Tuna mfano ambao Wakenya wa rika nyingi wanaukumbuka. Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" Kilidumu hewani kwa zaidi ya miongo mitano, na alipofariki Februari 2025 taifa zima lilimkumbuka kwa swali hilo. Kipindi chenyewe kilikuwa rahisi mno. Mbotela alisimulia tabia fulani ya watu, jambo ambalo kila mmoja amewahi kuliona kwa jirani au kwa shemeji, kisha akauliza: je, huu ni ungwana?

Zingatia kwamba jina la kipindi ni swali. Ni paukwa iliyovaa suti. Mbotela hakuhitaji kusikia jibu, alijua limetolewa. Lilitolewa mezani wakati wa chakula, dukani, ndani ya matatu, mara nyingi kwa kicheko na kwa jicho la pembeni kwa yule aliyehusika. Alikuwa amegundua kwamba hadhira haihitaji kuwa chumbani ili iitikie, mradi aliyeko mbele ya kipaza sauti ameiachia nafasi.

Njia nyingine ilikuwa vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu na marafiki pamoja na ujumbe, akaipeleka posta, kisha akakaa siku kadhaa akitega sikio asikie jina lake likisomwa. Wapo waliojulikana nchi nzima kwa lakabu zao za salamu, na vikaundwa vyama vya wapenzi wa salamu. Wasomi wengi walivibeza vipindi hivi. Mimi naviona kama pakawa iliyopigwa stempu.

Mfano wa tatu unatupeleka Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati", uliokusudiwa kuelimisha umma kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Kenya ilikuwa imekwisha kujaribu njia hiyo mwaka 1987 kwa mchezo wa redio wa "Ushikwapo Shikamana". Mbinu yenyewe iliasisiwa na Miguel Sabido wa Mexico katika tamthilia za televisheni: kuwe na mhusika mwema, mhusika mbaya, na yule anayeyumba katikati ambaye msikilizaji hujiona ndani yake. Katika "Twende na Wakati", Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye hawara katika vituo vya njiani, na mkewe Tunu akawa anajifunza kusimama kwa miguu yake. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju wiki baada ya wiki hadi virusi vilipompata.

Kilichoufanya mchezo huu ujadiliwe na watafiti ni kwamba kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, hivyo ikawezekana kulinganisha maeneo. Watafiti waliripoti kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Pia walibaini kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake ilitokana na mazungumzo uliyoyazua, mume na mke, rafiki na rafiki. Kwa lugha ya fasihi simulizi, hadhira iliitikia. Ilichukua kiunzi cha hadithi, ikakijazia nyama ya maisha yake yenyewe. Na hapo uhai wa watu ulikuwa hatarini, si alama za mtihani.

Katika miaka ya 1990 serikali ilipoanza kutoa leseni kwa vituo vya watu binafsi, na baadaye simu za mkononi zilipoenea, msikilizaji alipata sauti ndani ya studio. Simu zikapigwa, ujumbe mfupi ukasomwa. Pakawa ikarudi, wakati mwingine kwa kelele kupita kiasi.

Kisha ikaja podikasti. Neno lenyewe la Kiingereza lilipendekezwa na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian mnamo Februari 2004, kwa kuunganisha jina la kifaa cha kusikilizia muziki cha kampuni ya Apple na neno la Kiingereza la utangazaji. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2014, Sarah Koenig na wenzake nchini Marekani walitoa "Serial", wakichunguza kesi moja ya mauaji ya mwaka 1999 katika vipindi 12. Kabla yake podikasti zilikuwa starehe ya wachache. "Serial" ilizifanya gumzo la mji, na siri yake haikuwa ngeni: hadithi moja, kipande kwa kipande, na msimulizi anayekiri mbele ya wasikilizaji kwamba bado hajui huyu ndiye au siye. Kati ya kipindi na kipindi, wasikilizaji walibishana. Kitinda mimba wa Sultani Majinuni angeuelewa mchezo huo mara moja.

Tatizo ni kwamba podikasti husikilizwa na mtu mmoja, vizibo masikioni, pengine saa kumi na moja alfajiri ndani ya matatu ya kwenda kazini. Hakuna wa kuitikia naye. Mtayarishaji asipojitahidi, atakuwa amemrudisha mtambaji kwenye chumba kile cha kuta nne.

Mapema mwaka huu vijana wawili waliosomea historia walinitumia kipindi chao cha kwanza, kilichohusu Reli ya Uganda. "Mwalimu, mbona watu wanatusikiliza dakika tatu kisha wanatoka?" wakauliza. Nikasikiliza. Dakika ya kwanza nzima ilikuwa ya salamu na shukrani. Ya pili, tarehe: ujenzi ulianza Mombasa 1896, reli ikafika Kisumu 1901, zaidi ya vibarua 30,000 wakaletwa kutoka India. Kisha nikasikia sentensi hii: "Uvamizi wa simba katika eneo la Tsavo ulisababisha vifo vya wafanyakazi na kukwama kwa shughuli za ujenzi."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini simba yuko wapi? Amefichwa ndani ya nomino "uvamizi". Niliwashauri wairudishe hadithi kwenye kiambishi -ka-, ambacho Kiswahili kimekitengea kazi hiyo. Usiku, mwaka 1898. Watu wamelala mahemani. Simba akaja. Akapenya hemani. Akamshika mtu kooni, akamburura hadi kichakani. Asubuhi wenzake wakafuata michirizi ya damu. Kila -ka- ni hatua, na msikilizaji hawezi kushuka njiani kwa kuwa kitenzi kimoja kinamkabidhi kwa kinachofuata. Tanakali za sauti nazo zina nafasi yake. "Kacha!" moja ya kijiti kilichovunjika nje ya hema ina kazi kubwa kuliko muziki wa kutisha uliopakuliwa mtandaoni.

Kisha nikawaambia: nyamazeni kidogo. Baada ya kusimulia jinsi vibarua walivyojilaza relini kulisimamisha treni ili wapande wakimbilie Mombasa, na kazi ikasimama kwa takriban wiki tatu, muulizeni msikilizaji: wewe ungebaki? Mpeni sekunde mbili tatu. Ukimya huo ndio kiti chake barazani. Tafuteni pia kiitikio, sentensi moja fupi inayorudi katika kila kipindi, na mwalike wasikilizaji watume kwa simu sauti zao au simulizi za babu zao waliofanya kazi relini. Kipindi cha pili kifunguliwe kwa sauti hizo.

Hapa lakini pana tahadhari, nayo ndiyo inayotenganisha ngano na historia. Mtambaji wa ngano alipewa ruhusa ya kutia chumvi, hadhira yenyewe iliitikia "uongo njoo, utamu kolea!" Msimulizi wa historia hana ruhusa hiyo. Chukua idadi ya waliouawa Tsavo. Mhandisi John Henry Patterson, aliyewapiga risasi simba wote wawili mwezi Desemba 1898, alitaja katika kitabu chake cha 1907 Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Baadaye akadai kwamba waliokufa ni 135. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, wanaohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field jijini Chicago, walikadiria kwamba walikuwa wamekula watu wapatao 35.

Vijana wangu walitaka 135, eti ndiyo inayotisha. Nikawauliza: je, katika habari hii yote, kinachotisha ni ukubwa wa tarakimu, au ni kwamba kulikuwa na watu waliokufa na hakuna aliyejisumbua kuwahesabu? Wakatazamana. Kipindi chao sasa kinaanzia hapo, kwa Waafrika wasiohesabiwa. Hawakutia chumvi hata kidogo, na taharuki imezidi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu podikasti inaelekea kuwa maktaba ya kizazi kijacho. Kijana ambaye hatafungua kitabu cha historia atasikiliza dakika arobaini akiwa njiani. Akisimuliwa kwa Kiswahili kilichokauka, atahamia kwa wanaomsimulia kwa lugha nyingine, tena habari za kwingine. Akisimuliwa kwa chumvi, atabeba uongo akidhani ni historia. Walimu wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Tumewafundisha wanafunzi kuorodhesha sifa za fanani na dhima za fomyula ili wapate alama, halafu tunashangaa wakienda kujifunza utambaji kwa Wamarekani. Wapeni simu zao darasani, warekodi nyanya zao wakitamba, kisha wajaribu kutamba wenyewe mbele ya wenzao wanaoitikia. Darasa likikataa kuitikia, mwanafunzi atakuwa amejua kabla ya msikilizaji wake wa kwanza kwamba hadithi yake bado haijawa hadithi.